Kompyuta inayovuma kama mashine ya kusaga

Yeyote aliyewahi kuingia katika duka la steshenari huko Chamazi, ama Mbande, ama Mbagala Rangi Tatu, mnamo saa nane za mchana, anaijua sauti ninayotaka kuizungumzia leo. Si muziki wa duka la jirani, wala si kondakta anayeita abiria wa Kariakoo. Ni mvumo unaotoka chini ya meza, ndani ya lile sanduku ambalo wengi wetu tumezoea kuliita sipiyu. Asubuhi duka linapofunguliwa mvumo huo huanza taratibu. Ikifika adhuhuri umekuwa mkubwa kiasi kwamba mteja anayetaka fotokopi mbili hutajiwa bei mara tatu ndipo aisikie. Jioni mwenye duka hurudi nyumbani kichwa kinamgonga, na akiulizwa husema ni jua.

Sauti hiyo ni ya feni. Ni kijifeni kisichozidi kiganja cha mkono, kilichowekwa ndani ya kompyuta ili kuipoza. Najua wapo watakaosema kwamba katika jiji hili la Dar es Salaam, ambako watu hulala huku spika za baa zikitikisa vioo vya madirisha, kuzungumzia kelele za kijifeni ni kutafuta maneno. Kelele za baa na kumbi za starehe zina mwenyewe: kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo lenye kazi ya kuzisimamia. Lakini hakuna ofisa atakayeleta mita ya kupimia kelele chini ya meza ya steshenari. Kazi hiyo imebaki kwetu wenyewe, na kwa kiasi kikubwa tunaifanya vibaya.

Nasema tunaifanya vibaya kwa sababu tiba inayopendwa sana mitaani ni kuinyamazisha feni. Sanduku hufunguliwa, waya wa feni huchomolewa, na duka zima hutulia kama msikiti saa nne asubuhi. Mafundi wengine huchomeka kijiti cha kiberiti katikati ya mapanga ya feni inayokwaruza, wakisema kwamba kompyuta ni kuukuu na haina kazi nzito. Mwenye duka hufurahi. Furaha hiyo hudumu mpaka siku ambayo foleni ni ndefu.

Tuchukue mfano wa siku kama hiyo. Ni siku za mwisho za kupeleka maombi ya mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Vijana wamejaa kibarazani na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki. Kompyuta inafungua kurasa nyingi kwa pamoja, inaskani vyeti, inatuma kazi kwenye printa, na haina feni. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, inapanda joto. Prosesa nyingi zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina kinga: joto likizidi hujipunguzia kasi zenyewe, na likizidi zaidi mashine hujizima ghafla ili isiungue. Mwenye duka huiona kompyuta inakuwa nzito, husema intaneti leo mbovu, na kisha kioo huwa cheusi. Fomu ya kijana aliyekuwa amefika ukurasa wa mwisho hupotea. Hapo hakuna anayekumbuka ile waya iliyochomolewa wiki iliyopita.

Kwa hiyo, kabla hatujaingia katika namna ya kupunguza kelele, hapana budi tuelewe feni inafanya nini mle ndani.

Kompyuta haisagi mahindi wala haipandishi maji ghorofani. Umeme wote inaokula, kazi yake ikiisha, hugeuka kuwa joto. Mashine inayotumia wati 100 ni sawa na balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati. Joto hilo lisipotolewa hurundikana. Juu ya prosesa hufungwa kipande cha alumini au shaba chenye mbavu nyingi nyembamba, na juu yake au kando yake hukaa feni. Prosesa huupa ule mbavu joto lake, feni hulipuliza, na feni nyingine nyuma ya sanduku hulisukuma nje. Ni kazi ileile ya rejeta ya daladala, isipokuwa hapa hakuna maji.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kompyuta ya kwanza kuja nchini kwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mitambo ya namna ile ilikuwa mikubwa ikitengewa chumba chake chenye viyoyozi, watumishi wakiingia na masweta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na miaka mingi ikapita kabla milango haijafunguliwa tena. Wakati sisi tuko nje ya mlango, wenzetu waliipunguza mashine mpaka ikakaa mezani. IBM PC iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na feni moja tu, ile ya pawa saplai. Prosesa yake haikuhitaji hata kipande cha bati juu yake. Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 ilikula wati kama 15, ikahitaji mbavu na kifeni. Kufikia mwaka 2004 baadhi ya prosesa za Pentium 4 zilikuwa zimevuka wati 100, na feni zake zikawa zinalia kama ndege inayojiandaa kuruka. Tangu mwaka 2006 watengenezaji walibadili njia, na prosesa nyingi za mezani zikarudi kwenye wati 65 au chini ya hapo.

Hizi Pentium 4, pamoja na ndugu zake waliofuata, ndizo zilizotufikia kwa wingi kama mitumba. Zilifanya kazi kwanza katika ofisi za Ulaya na Uarabuni, zikapakiwa kwenye makontena, zikashuka hapa. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Feni haina barafu. Haiwezi kuipoza kompyuta ikawa baridi kuliko hewa ya chumba ilimokaa. Ofisi ya London ina nyuzi 20 au 22. Duka la bati la Chamazi mwezi wa Februari lina nyuzi 32, na chini ya bati lisilo na dari huwa zaidi. Mashine ambayo kule ilikuwa kimya, hapa huanza siku yake ikiwa na deni la nyuzi 10 au zaidi. Kwa kuwa kompyuta nyingi huongeza mzunguko wa feni kadiri joto linavyopanda, mashine ileile iliyokuwa haisikiki Ulaya huja kuvuma Temeke. Haijaharibika. Inafanya kazi ngumu zaidi.

Juu ya joto liko vumbi. Barabara kubwa ya kwenda Mbande ina lami, lakini ukiingia mitaani ni mchanga, na duka la steshenari lazima mlango wake uwe wazi kutwa nzima, maana duka lililofungwa mlango halina mteja. Pikipiki ikipita, vumbi linaingia. Jirani kuna jiko la chipsi. Mvuke wa mafuta yake husafiri hewani, huganda kwenye mbavu za kupozea, na vumbi linalofuata hunasa juu yake kama unga kwenye mkono wenye samli. Ongeza unga wa wino wa mashine ya fotokopi. Baada ya mwaka mmoja, kati ya feni na zile mbavu hujengeka blanketi la kijivu. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote, hewa haipiti. Mashine inaona joto halishuki, inaiamuru feni iongeze kasi. Feni inaongeza kelele, joto liko palepale.

Nimewahi kuuliza mafundi kadhaa wa Mbagala kompyuta ngapi kati ya zinazoletwa kwao kwa sababu ya kelele zina ugonjwa mwingine zaidi ya uchafu. Hawakunipa hesabu, walicheka tu.

Basi hatua ya kwanza ya kuondoa kelele ni kusafisha, na wala si kununua kitu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Toa sanduku nje, kwenye hewa. Tumia brashi laini ya rangi iliyo kavu na mpya, uchambue vumbi kati ya mbavu. Kama una mashine ndogo ya kupulizia kama ile ya mafundi simu ni bora zaidi, ila shika mapanga ya feni kwa kidole au kijiti yasizunguke. Feni ikipulizwa kwa nguvu huzunguka kupita kasi iliyotengenezewa, beringi yake hufa, na ikizunguka hivyo hugeuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye bodi. Wapo wanaopeleka sanduku gereji likapulizwe kwa kompresa ya matairi. Upepo ule una maji ndani yake, na mara nyingi mafuta. Bora brashi.

Pawa saplai, ile sehemu inayoingiza waya wa ukutani, nayo ina feni, na aghalabu ndiyo iliyojaa vumbi kuliko zote. Ipulize kwa nje, kupitia matundu yake. Usiifungue. Umeme wa TANESCO unaingia humo kwa volti 230, na kapasita zake huweza kushikilia umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Hilo mwachie fundi wa elektroniki, na hata yeye muulize kwanza kama anazijua.

Baada ya kusafisha, washa mashine, usikilize. Hapa wenzangu wa redio mtaniruhusu nijisifu kidogo, kwa sababu kazi yetu imetufundisha kuzitenganisha sauti. Studio zilipohama kutoka kwenye mashine za tepu na kuingia kwenye kompyuta, adui wa kwanza alikuwa feni. Maikrofoni haisamehi, mvumo ambao mtangazaji ameuzoea mpaka haumsumbui tena, msikilizaji anaukuta wote kwenye spika yake. Ndiyo maana katika studio nyingi sanduku la kompyuta huwekwa chumba kingine, na waya ndizo zinazopita ukutani.

Kunja karatasi ngumu iwe kama bomba, upande mmoja sikioni, mwingine ukaribie kila feni bila kuigusa. Utashangaa jinsi sauti zinavyojitenga. Mvumo mpana kama upepo wa Kaskazi kwenye minazi ni hewa tu. Feni ni nzima ila inakwenda mbio. Mkwaruzo unaopanda na kushuka, hasa asubuhi mashine ikiwa baridi, ni beringi iliyokauka. Taktaktak ya haraka mara nyingi ni waya uliolegea unaogusa mapanga. Ufunge pembeni kwa kamba ya plastiki na tatizo limekwisha bure. Mtetemo wa bati unaonyamaza ukiweka mkono juu ya sanduku ni skrubu zilizolegea au miguu ya mpira iliyopotea. Vipande vinne vya ndala kuukuu chini ya sanduku vinafanya kazi hiyo vizuri sana. Lakini ukisikia mlio wa kugonga, kwa vipindi, kutoka kwenye diski inayohifadhi kazi zako, acha habari za feni. Nakili kazi zote za wateja siku hiyohiyo, kwa sababu diski inayogonga haikupi miadi.

Feni iliyokauka beringi inaweza kuponywa kwa muda. Feni nyingi za bei nafuu huzungukia kwenye bushi, siyo kwenye gololi, na bushi hutegemea tone la mafuta. Mafuta hayo yakikauka, mhimili hucheza ndani ya tundu lake, na ndipo ule mkwaruzo unapoanza. Ifungue feni, bandua karatasi iliyobandikwa katikati yake, na kwa chini utaona kizibo kidogo au mhimili wenyewe. Weka tone moja la mafuta ya cherehani, mawili yakizidi. Zungusha kwa mkono, rudisha karatasi. Usitumie mafuta ya kupikia, wala ya nazi, maana huganda na kuwa gundi, na wala usitumie dizeli kama nilivyoona mahali fulani. Feni nyingine zimezibwa kabisa na hazina pa kutilia mafuta. Hizo zinabadilishwa tu. Na hata iliyotiwa mafuta imepewa miezi, haikupewa miaka.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho mpaka mbavu zing'olewe. Kati ya prosesa na zile mbavu hupakwa pesti nyembamba, nyeupe au ya kijivu, inayosaidia joto kuvuka kutoka chuma kimoja kwenda kingine. Katika kompyuta yenye miaka 10 au 15 pesti hiyo huwa imekauka kama chokaa ukutani. Joto halivuki vizuri, prosesa inaungua huku mbavu zikiwa vuguvugu, na feni inakimbia bure. Kuifuta kwa spiriti na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele, ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayejua, nayo huweza kushusha joto na kelele kwa pamoja. Wapo mafundi wanaopaka dawa ya meno. Siku mbili tatu itafanya kazi, kwa sababu ina maji. Maji yakikauka umerudi ulikotoka, na pengine pabaya zaidi. Ukimpeleka fundi mashine, mwambie akuonyeshe kichupa anachotumia.

Ikiwa feni yenyewe ndiyo mbovu, ibadilishwe, lakini ibadilishwe kwa akili. Hapa sayansi inatusaidia bure. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa kiasi cha desibeli 15, na hiyo ni tofauti kubwa mno sikioni. Kwa hiyo feni pana inayozunguka polepole hushinda feni ndogo inayokimbia. Feni ya nyuma ya masanduku mengi ya zamani ina milimita 80. Kama sanduku lina nafasi ya milimita 92 au 120, chukua hiyo: ile ya 120 husukuma hewa ileile kwa mzunguko ulio chini ya nusu. Pima umbali wa matundu ya skrubu kabla hujapanda gari kwenda Kariakoo, na uangalie plagi ina pini tatu au nne, kwa kuwa zile za pini nne ndizo ambazo bodi hupandisha na kushusha kasi zake kwa ustadi zaidi. Uliza pia kama ni ya bushi au ya gololi. Muuzaji asipojua, isogeze hewani, izungushe kwa kidole: nzuri huendelea kuzunguka kimya na kusimama taratibu.

Wajuzi wa Ulaya wana ujanja wa kuipa feni ya volti 12 volti 7 tu, kwa kubadilisha waya kwenye plagi, ili izunguke polepole. Vijana wetu wameuona ujanja huo kwenye intaneti na wameanza kuuiga. Mimi siupendi kwa hapa petu. Aliye kwenye chumba cha nyuzi 20 ana akiba ya kuchezea. Aliye chini ya bati la Chamazi akiba hiyo amekwisha kuitumia kwa jua. Tena feni kuukuu ikipewa umeme mdogo inaweza kukataa kuanza kuzunguka asubuhi, na mwenye duka asijue mpaka saa sita. Ukitaka kupunguza kasi, fanya hivyo kwa mipangilio ya bodi yenyewe, mashine ikiwa imesafishwa, na ukiwa na programu inayokuonyesha nyuzi za joto ukiwa kazini.

Na kabla hujaigusa bisibisi, angalia kitu kimoja kwenye kioo. Steshenari hupokea flashi za kila mtu, na flashi za kila mtu zina virusi vya kila mtu. Vipo virusi vinavyoifanyisha prosesa kazi usiku na mchana kwa faida ya mtu usiyemjua. Ukiona feni inalia na hakuna programu yoyote uliyofungua, fungua orodha ya kazi zinazoendelea utazame nani anaitumia prosesa. Mashine nyingi za mitaani bado zina Windows 7, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, na hata Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma za kawaida mwezi wa Oktoba 2025. Mashine isiyolindwa hupata joto kwa sababu ambazo hakuna brashi itakayozifikia.

Sasa niseme juu ya mahali tunapoiweka. Sisi watu wa pwani tunapenda kufunika vitu. Televisheni ina kitambaa cha kufuma, friji ina kitambaa, redio ina kitambaa, na kompyuta nayo ikifika hupewa chake. Kitambaa ni kizuri usiku, mashine ikiwa imezimwa. Mchana kinaziba matundu ya kutolea joto. Wengine huifungia ndani ya kabati la mbao kwa kuhofia wezi, ikawa inavuta tena hewa ileile iliyoitoa. Kabati hilo likatwe matundu nyuma, juu na chini, au mlango wake ubaki wazi wakati wa kazi. Sakafuni napo si mahali pake: vumbi zito hutembea chini, na anayefagia hulisukuma moja kwa moja kwenye mdomo wa feni. Kinyanyue kwenye kijistuli, sentimita 30 hivi, na uache nafasi ya kiganja kati ya mgongo wa sanduku na ukuta.

Halafu kuna wale wanaoacha ubavu wa sanduku wazi ili mashine ipate hewa. Sanduku lilipangwa hewa iingie mbele kwa chini na kutoka nyuma kwa juu, ikipita juu ya kila kinachochemka. Ukilifungua ubavuni unavuruga njia hiyo, kelele zinatoka zote bila kizuizi, na unakaribisha mende, sisimizi na mijusi. Mjusi anapenda joto kama sisi tunavyopenda kivuli. Amewahi kumaliza bodi ya kompyuta kwa kukatiza tu mahali asipopaswa kukatiza.

Shuleni jambo hili ni zito zaidi kuliko dukani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele za ndani ya darasa zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha, ili mtoto asikie maneno ya mwalimu yakiwa kamili. Chumba chenye kompyuta 10 kuukuu zinazovuma kwa pamoja huongeza desibeli 10 juu ya kelele za mashine moja, na sikio hulihesabu hilo kama kelele zilizokaribia maradufu. Mwalimu anapaza sauti, mtoto wa nyuma anasikia nusu ya neno, na neno lenyewe ni geni. Shule zinazopokea kompyuta za msaada huzipokea kwa ngoma na risala. Sijawahi kusikia katika risala hizo fungu la brashi na pesti, ingawa kazi hiyo ingeweza kufanywa na wanafunzi wenyewe wa kidato cha tatu, muhula hadi muhula, chini ya mwalimu, na wangejifunza mengi kuliko wanayojifunza kwa kuandika majina yao kwenye kioo.

Yote haya yana mpaka wake. Pentium 4 yenye kioo cha chupa cha zamani inaweza kula wati 150 au zaidi. Kwa saa 10 kwa siku hiyo ni yuniti moja na nusu, na kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 45. Kompyuta ya mapajani ya mtumba yenye wati 30 hutumia yuniti 9 kwa kazi hiyohiyo, ina feni ndogo tu, na umeme ukikatika haizimiki na fomu ya mteja ndani yake. Mwenye duka na aweke risiti zake za LUKU mezani apige hesabu. Kama mashine yake ni ya miaka ya karibuni zaidi, yenye prosesa ya wati 65, brashi, pesti na feni pana vitampa miaka mingine ya kazi kimya. Kama ni ile ya mwaka 2004, kila shilingi anayoitia kwenye feni anaitia kwenye gunia lililotoboka.

Na akienda kununua nyingine, asikubali kuonyeshwa mashine iliyowashwa sasa hivi. Mashine yoyote ni kimya kwa dakika 5 za mwanzo. Amwombe muuzaji ubavu ufungwe kwa skrubu zote, kompyuta iwashwe, ichezeshwe video mbili kwa pamoja, na iachwe hivyo nusu saa wakati yeye anakunywa chai ya jirani. Akirudi asimame karibu, asikilize, kisha aweke mkono nyuma ya sanduku. Hewa ikitoka kwa wingi na vuguvugu, aulize bei. Ikiwa inavuma na hewa haitoki, aombe ifunguliwe mbele yake kabla hajatoa fedha mfukoni.